Nyumba ya Opera ya Maskati: Sisi Tuna Haja Gani Nayo?

Kila mwaka joto la Maskati linapoanza kupoa, mnamo mwezi wa Septemba, maonyesho ya Nyumba ya Opera huanza upya, na kila mwaka ratiba yake huzusha ubishi nyumbani kwetu. Wako wasemao kuwa hayo ni mambo ya Wazungu na sisi hatuna letu pale. Wako vijana ambao wamekwisha kata tikiti kabla wazee hawajamaliza kubishana. Safari hii ubishi umekuwa mkubwa zaidi, kwa kuwa mjukuu wangu wa kike, mwenye umri wa miaka 11, alirudi kutoka huko akasema anataka kufundishwa fidla. Baba yake akasema, "Asome kwanza." Mama yake akanyamaza. Kisha wote wawili wakanigeukia mimi: "Baba, wewe ni mwalimu. Unasemaje?"

Sikuwajibu palepale. Suali hilo si mara ya kwanza kuulizwa. Niliulizwa na mtu mwingine kiasi cha miaka 40 nyuma, na jibu nililompa sijaridhika nalo mpaka leo. Nitalieleza hapa chini. Lakini kwanza natuitazame nyumba yenyewe, maana wengi wanaoisema hawajapata kuvuka mlango wake.

NYUMBA NA VILIVYOMO

Amri ya kuijenga ilitolewa na marehemu Sultan Qaboos bin Said mwaka 2001, nayo ikafunguliwa Oktoba 2011 pale Shati Al Qurum. Katika nchi za Ghuba ilikuwa ya kwanza ya namna yake. Ile ya Dubai ilifuata mwaka 2016. Ukumbi wake hauchukui zaidi ya watu 1,100, kwa hiyo hata aliyekaa nyuma kabisa huona na kusikia vizuri.

Jambo lililonistaajabisha mimi ni kwamba ukumbi huo hugeuka. Usiku wa opera au wa dansi, jukwaa huwa na kina kirefu cha kuwekea mapambo na kupitisha watu. Usiku wa muziki mtupu, husogezwa mbele juu ya reli jengo zima la mbao lenye kinanda kikubwa ndani yake, uzito wake tani 500, likawa kama ganda linalowarudishia wasikilizaji sauti. Kinanda hicho kilitengenezwa na mafundi wa Klais wa Ujerumani, na kina paipu zaidi ya 4,500. Nyuma ya kila kiti pana kioo kidogo cha umeme kinachoandika maneno yanayoimbwa, kwa Kiarabu na kwa Kiingereza. Hivyo asiyejua Kitaliana hakosi kisa.

Ama kwa upande wa mavazi, jamaa wengi hudhani kuwa hapana budi kuvaa suti na tai. Sivyo. Mwanamme wa Kiomani huingia na dishdasha yake na kilemba chake, na bibi huingia na vazi lake la heshima. Mara ya kwanza nilipokwenda, nilipoona safu nzima ya vilemba mbele yangu imetulia kimya ikisikiliza fidla, moyo wangu nao ukatulia.

KISA CHA VITENDAWILI VITATU

Opera ya ufunguzi ilikuwa Turandot ya Mtaliana Giacomo Puccini. Mapambo na uigizaji ulipangwa na Franco Zeffirelli, na aliyeongoza okestra ni Plácido Domingo. Puccini alifariki mwaka 1924 kabla hajaimaliza. Ikamaliziwa na mwenziwe Franco Alfano na kuonyeshwa mara ya kwanza mjini Milan mwaka 1926.

Kisa chake ni cha binti mfalme wa Kichina ambaye kila mwanamme amposaye humtegea vitendawili vitatu. Akivitegua humuoa, akishindwa hukatwa kichwa. Tazameni basi: kuna mtoto gani wa kwetu asiyelelewa kwa "Kitendawili!" na "Tega!"? Na tena jina la Turandot lenyewe ni la Kiajemi, maana yake binti wa Turan, na asili ya kisa ni hadithi za Kiajemi zilizosafiri mpaka Ulaya. Kwa hiyo mambo yanayoitwa ya Wazungu yalitoka upande wetu huu wa dunia, yakazunguka Ufaransa na Italia kwa mamia ya miaka, kisha yakarejea Maskati kwa ndege. Muziki haujapata kukaa pahala pamoja, na anayesema "huu si wetu" ataona taabu kuonyesha mpaka uko wapi.

Baada ya hapo kila msimu umekuwa na mchanganyiko wake: opera, dansi la baleti, okestra kubwa za nje, na muziki wa Kiarabu wenye udi, kanuni na nai. Msimu ule wa kwanza walikuja wachezaji wa Mariinsky kutoka Urusi na Ziwa la Mabata Maji la Tchaikovsky. Dansi hilo lilipotolewa mara ya kwanza Moscow mwaka 1877 halikupendeza watu. Lilikuja kupata sifa mwaka 1895, lilipopangwa upya, na mtunzi wake alikuwa amekwisha kufa zaidi ya mwaka mmoja nyuma. Nawaambia hivi wale waliokwenda mara moja wakasinzia. Kama watu wa Moscow hawakuonja utamu wake mara ya kwanza, wewe usijione mjinga.

NILIVYOPIGA MAKOFI PEKE YANGU

Nami nina aibu yangu. Usiku wangu wa kwanza ilipigwa simfonia. Okestra ilipofika mwisho wa kipande cha mwanzo ikanyamaza, nami nikapiga makofi kwa nguvu zangu zote. Nilikuwa peke yangu. Mke wangu akanivuta mkono wa dishdasha. Baadaye nikafahamu kuwa simfonia huwa, mara nyingi, na sehemu nne, na makofi hungoja mpaka ya nne imekwisha.

Sisi tuliolelewa na taarabu tumezoea adabu nyingine. Wimbo ukikugusa unainuka, unakwenda mbele kwa mwendo wa taratibu, unatuza, na mwimbaji anajua kuwa neno lake limefika. Pale unakaa, na furaha yako unaibana kifuani mpaka mwisho. Kila nyumba na ada yake. Lakini kusikiliza muziki usio na maneno si jambo geni kwetu: wazee wetu walianza usiku wa taarabu kwa bashrafu, vyombo vitupu, kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Aliyewahi kutulia na bashrafu anaweza kutulia na simfonia.

Na lisemwe pia kuwa si mchezo wa matajiri peke yao. Bei za viti hutofautiana, na wa juu hulipa kidogo kuliko wa mbele. Jamaa zetu walioko Uingereza wanajua jambo hili zaidi. Huko London, tangu mwaka 1895, kuna mfululizo wa muziki kila kiangazi uitwao Proms, ulioanzishwa makusudi ili watu wa kawaida wausikie muziki mkubwa kwa pesa kidogo. Ukumbi wao wa kwanza ulipigwa mabomu mwaka 1941, wakahamia Royal Albert Hall, na mpaka leo mwenye miguu yenye nguvu hununua tikiti ya kusimama kwa bei nafuu.

WATOTO WA MWAKA 1985

Sasa nalijia lile suali. Nyumba ya Opera ilifunguliwa mwaka 2011, lakini kazi yake ilianza zamani. Mwaka 1985 Sultan Qaboos, ambaye mwenyewe alipenda muziki na kupiga ala, aliamrisha iundwe okestra ya simfonia ya Waomani watupu. Wakati ule hapakuwa na Waomani wajuao kupiga simfonia. Basi wakatafutwa watoto na vijana wenye sikio, wengi wao hawajapata kuiona fidla kwa macho, wakawekwa skuli, wakasomeshwa masomo ya kawaida pamoja na noti za muziki. Mwaka 1987 walipiga mbele ya watu. Wasichana nao wakaingia, na leo wamo katika safu za okestra hiyo pamoja na wanaume.

Mimi wakati huo nilikuwa mwalimu kijana, bado sijazoea jua la Maskati. Siku moja alinijia mzazi mmoja. Mwanawe, mwanafunzi wangu, alikuwa na sikio la ajabu. Alikuwa akigonga meza kwa vidole mpaka darasa zima likanyamaza kumsikiliza. Baba huyo alikuwa amesikia habari za okestra akaniuliza: "Mwalimu, nimpeleke?" Nikamjibu kwa uhakika wa ujana: "Muache asome. Muziki haumpatii mtu maisha." Akanisikiliza, kwa kuwa zamani mwalimu alikuwa akisikilizwa.

Miaka mingi baadaye nikakutana na mwanafunzi yule kwenye ukumbi wa Opera wakati wa mapumziko. Ana biashara yake, ana watoto, hana alipopungukiwa. Akaniamkia kwa adabu, kisha akaniambia: "Mwalimu, umemuona yule mwenye ndevu za mvi, kwenye safu ya fidla? Nilikaa naye dawati moja." Hakunilaumu wala hakusema zaidi. Kengele ikalia, tukarudi vitini. Simfonia ya nusu ya pili sikuisikia.

KWETU NAKO KULIKUWA NA MTU ALIYEPELEKWA KUSOMA

Jambo hili la mtawala kupeleka watu wakasomee muziki si geni katika historia yetu. Inasimuliwa kuwa Sayyid Barghash, aliyetawala Unguja kuanzia 1870 mpaka 1888, alimpeleka Mohamed bin Ibrahim Misri akajifunze kanuni, na aliporudi akawafundisha wengine. Mwaka 1905 ikaundwa Ikhwani Safaa, nayo ipo mpaka leo. Kisha Siti binti Saad akaupeleka muziki huo kwa Kiswahili, na mwaka 1928 sauti yake ikatiwa katika sahani za santuri mjini Bombay. Mwaka 1958 kikafuata kilabu cha Culture. Kwa hiyo fidla, selo na besi vimekaa pamoja na udi na kanuni katika kumbi za Unguja muda mrefu kabla ya 1985. Na mwaka 2002 Unguja ikapata chuo cha muziki, Dhow Countries Music Academy, ili ujuzi wa wazee usizikwe nao.

Lakini sisi tuliohama tulifanya nini? Tulichukua kanda na santuri, hatukuchukua walimu. Taarabu yetu huku imekuwa ya arusini: wazee wanaimba pamoja na kanda, vijana wanapiga picha. Tunaupenda muziki huo kama tunavyoipenda picha ya marehemu.

WENYE KUPINGA WASIPUUZWE

Sitaki nionekane nawadharau wanaopinga. Nimesoma chuoni kabla sijasoma skuli, na najua kuwa wanavyuoni wamekhitilafiana juu ya ala za muziki, na kila mmoja ana hoja zake. Mwenye kujizuia kwa ajili ya dini yake tumheshimu, wala tusimwite mshamba. Dansi la baleti nalo lina mavazi ambayo si kila familia itaona raha kuyatazama na watoto. Mimi na mke wangu huwa tunachagua: kuna usiku tunaokwenda na wajukuu, kuna tunaokwenda wawili, na kuna tunaobaki nyumbani. Ratiba si sharia. Ni kama sinia ya biriani na mchuzi, kila mtu anachota anachokiweza.

Lakini hoja ya kwamba muziki huharibu masomo, hiyo mimi siikubali tena. Nimesomesha zaidi ya miaka 30. Mtoto anayeweza kurejea mstari mmoja wa noti mara 50 mpaka uwe sawa ndiye yule yule anayeweza kurejea aya mpaka aihifadhi, na hesabu mpaka itoke. Subira ni moja.

JIBU LANGU

Basi nimewajibu mwanangu na mkwewe wangu hivi. Mtoto afundishwe fidla mwaka mmoja kamili, mara mbili kwa wiki, bila ya kukosa darasa lake la Kurani na bila ya kuachia njiani. Mwaka ukisha, mwenyewe aseme. Na mimi nimejitwika sharti langu: kila Ijumaa baada ya chakula nitakaa naye tusikilize taarabu moja ya zamani, nimtajie mtunzi ikiwa namjua, nimfasirie mafumbo, ili akishika upinde ajue kuwa chombo hicho babu zake walikijua.

Nanyi jamaa, kila nyumba yenye kanda za zamani iziandike majina ya waimbaji na mwaka, kabla mtu anayezijua sauti hizo hajaondoka. Na kila nyumba yenye mtoto agongaye meza, imsikilize kabla ya kumkataza.

Baba yake amekubali huo mwaka mmoja. Fidla ndogo imekwisha nunuliwa, na kwa sasa inalia kama paka aliyebanwa mkia. Tunavumilia. Mwenyezi Mungu ndiye mjuzi zaidi.