Ukimya ni hatari katika chumba cha marubani

Jioni moja mpwa wangu alifika nyumbani kwangu, akaketi sebuleni bila kuvua koti, na chai aliyoandaliwa ikapoa mbele yake. Kijana huyu alikuwa amerusha ndege kwa miaka minane akiwa rubani msaidizi, yaani yule aketiye kiti cha kulia na kuvaa mistari mitatu begani. Kampuni nyingine ilikuwa imemwajiri moja kwa moja awe rubani mkuu, na dada yangu alikuwa amekwisha kuwatangazia hata majirani. Sasa akaniambia kwa sauti ya chini, "Mjomba, nimeanguka mtihani. Nimepewa wiki moja. Nikianguka tena, kazi imekwisha."

Mimi ni mwalimu wa isimu. Kuhusu ndege sijui zaidi ya kufunga mkanda. Hata hivyo nilimwomba anisimulie yote, maana niliona kwamba alihitaji msikilizaji kuliko mshauri.

Wanafunzi wengi hudhani kwamba urubani mkuu ni suala la mikono myepesi na macho makali. Kwa hakika, mtu hafiki hapo asipokuwa nayo tayari. Viwango vya kimataifa vinamtaka mwenye leseni ya juu awe ametimiza angalau umri wa miaka 21 na saa 1,500 angani. Akishaajiriwa huanza upya darasani, akisoma mitambo ya aina ya ndege atakayoirusha na taratibu za kampuni. Kisha huingizwa katika simuleta, ambayo ni chumba kilichosimama juu ya miguu ya chuma, kinachoinama na kutikisika huku madirisha yake yakionyesha uwanja, mvua na giza. Humo mkufunzi humzimia injini makusudi ndege ikiwa bado inakimbia chini. Ipo kasi iliyokokotolewa kabla ya safari: injini ikifa kabla yake, husimamisha ndege, ikifa baada yake, lazima apae na injini iliyobaki. Akivuka hapo hurusha abiria halisi chini ya jicho la mkufunzi, hadi apimwe mara ya mwisho. Na hata akishapewa mstari wa nne, hurudi kupimwa mara mbili kila mwaka. Sidhani sisi wahadhiri tungeupenda utaratibu huo.

Mpwa wangu hakuanguka kwa ajili ya injini. Alikuwa akishuka kutua katikati ya mawingu ya simuleta, na kasi ikawa inapungua kuliko inavyotakiwa. Kijana wa kiti cha kulia aliiona hali hiyo akasema, "Kapteni, upepo wa leo ni wa ajabu, sivyo?" Mpwa wangu akajibu, "Ndiyo," akaendelea kushuka. Punde si punde mkufunzi alisimamisha mtambo.

"Mikono yangu ilichelewa," alilalamika.

Nikamwuliza, "Kabla ya kuanza kushuka, ulimwambia nini mwenzako?"

"Nilimweleza mpango wote, nikamwuliza kama ameelewa. Akasema ndiyo."

Msomaji aliyewahi kushika chaki analijua swali hilo. Mwalimu hufundisha kwa dakika arobaini, kisha hugeuka na kuuliza, "Mmeelewa?" Darasa zima huitikia kwa pamoja, "Ndiyo, mwalimu!" Siku ya mtihani ndipo ukweli hudhihirika. Swali lile halidai habari yoyote. Ni kama salamu, na adabu ya salamu ni kuiitikia. Kijana wa kiti cha kulia aliitikia salamu ya mkubwa wake. Na alipoona hatari, aliifunika kwa maneno ya upepo ili asionekane anamsahihisha. Alisema, ila hakusema.

Historia ya usafiri wa anga imejaa maneno ya namna hiyo. Tarehe 27 Machi 1977, huko Tenerife katika visiwa vya Canary, ndege mbili aina ya Boeing 747, moja ya KLM na nyingine ya Pan American, ziligongana katika ukungu kwenye barabara ya kurukia. Watu 583 walikufa. Rubani msaidizi wa KLM alikuwa ameuambia mnara, kwa Kiingereza, maneno ambayo tungeweza kuyafasiri "tuko kwenye kupaa". Mwongoza ndege alidhani wako mahali pa kuanzia, wakisubiri. Kumbe walikuwa wamekwisha kuanza kukimbia. Baadhi ya wanaisimu wamehisi kwamba nyuma ya sentensi ile ya Kiingereza ulikuwapo muundo wa Kiholanzi, ambao huonyesha tendo linaloendelea kwa kutumia kihusishi. Sisi tunaofikiri kwa lugha ya mama na kusema kwa lugha ya pili hatuna sababu ya kustaajabu.

Lakini lililonigusa zaidi ni jingine. Fundi wa safari, aliyeketi nyuma ya marubani, aliuliza kama ile ndege ya Pan American ilikuwa haijaondoka barabarani. Rubani mkuu, aliyekuwa mkufunzi mashuhuri wa kampuni yake, alijibu kwa mkazo kwamba imeondoka. Baada ya jibu hilo hakuulizwa tena. Tangu ajali hiyo, neno la Kiingereza lenye maana ya kupaa limewekewa mwiko katika redio: hutamkwa tu wakati ruhusa yenyewe inapotolewa au kufutwa.

Tarehe 25 Januari 1990, ndege ya Avianca kutoka Colombia iliishiwa mafuta ikaanguka karibu na New York, watu 73 wakafa. Marubani walikuwa wameomba kupewa kipaumbele, na wakataja kwamba mafuta yanakwisha. Neno moja, lile la kutangaza hali ya dharura, hawakuwatamkia waongoza ndege hata mara moja. Nasi Wakenya tuna msiba wetu: Mei 2007 ndege ya Kenya Airways ilianguka usiku muda mfupi baada ya kuondoka Douala, na wote 114 waliokuwamo wakafa. Miongoni mwa mambo ambayo wachunguzi wa Cameroon waliyataja ni ukosefu wa ushirikiano baina ya marubani.

Wapo wanaodai kwamba lugha zenye msamiati mwingi wa heshima ndizo huangusha ndege. Sikubaliani nao. Waholanzi hawasifiki kwa unyenyekevu wa kupindukia, na bado fundi yule alipojibiwa alinyamaza. Jambo hili limo katika cheo kuliko katika sarufi. Neno letu nahodha lenyewe lilitoka Uajemi, likiwa na maana ya bwana wa chombo, na ubwana huo haujatoka ndani yake.

Usiku ule tuliweka viti viwili vya jikoni sambamba, nami nikawa msaidizi wake. Nilimkataza maswali yanayojibiwa kwa ndiyo. Badala ya "Umeelewa?" aulize, "Ni kitu gani kinaweza kutuharibikia hapa?" Badala ya "Uko sawa?" aulize, "Unaona kasi gani?" Na kabla ya kutoa uamuzi wake, mdogo aseme kwanza, kwa kuwa mkubwa akishasema, mdogo hubaki na kazi ya kukubali. Yeye naye alinifundisha yale waliyofundishwa darasani, ambayo alikuwa ameyakariri bila kuyaonja: msaidizi amwite mwenziwe, ataje wasiwasi wake, aseme sababu, apendekeze la kufanya, kisha adai jibu. Mara tatu nilinyamaza makusudi. Mara mbili za kwanza hakugundua. Ya tatu aligeuka akaniuliza, "Mjomba, mbona umenyamaza?" Tukaenda kulala.

Alifaulu mtihani wa marudio. Wiki kadhaa baadaye alinipigia simu kutoka Eldoret, mahali ambapo hakupaswa kuwa. Walikuwa wakishuka Kisumu alasiri, mvua ya radi ikitoka ziwani, naye alitaka kujaribu kutua. Msichana wa kiti cha kulia, mwenye umri wa miaka 24, alimwambia waziwazi, "Kapteni, nina wasiwasi. Upepo unabadilika mno. Napendekeza tupae tena. Unasemaje?" Wakapaa tena, wakaenda kutua Eldoret, na mkufunzi aliyekuwa nyuma yao akaandika kitu katika daftari lake bila kusema neno.

"Na abiria?" nilimwuliza.

"Wamekasirika sana, Mjomba. Mzee mmoja amenifuata hadi hapa ananiuliza nani alinipa leseni."