Maradhi ya wasiwasi sasa kupimwa ndani ya nyumba ya kompyuta

KUFUNGA mlango kisha kurudi mara moja kuhakikisha umefungika si ajabu. Lakini yuko anayerudi mara ishirini hadi akachelewa kazini, naye anajua fika kwamba kufuli ilishika tangu mara ya kwanza. Huyo hajarogwa, wala si mzembe. Huenda anaugua maradhi ya akili ambayo madaktari huyaita kwa kifupi OCD.

Kwanza mgonjwa hujiwa tena na tena na fikira asiyoitaka, kwa mfano kwamba mikono yake imejaa viini au kwamba ameacha gesi ikivuja. Kisha hutenda jambo ili kuituliza: hunawa, hukagua, huhesabu. Nafuu huwa ya muda mfupi, na hofu hurejea. Katika eneo la Pwani, hali inayofanana na hii imejulikana tangu zamani kwa jina la wasiwasi, hasa kwa yule anayerudia kutawadha hadi wakati wa sala ukampita.

Ugumu kwa daktari ni kuwa mengi ya haya hutendeka faraghani. Kipimo kinachotumiwa sana, kile cha Yale-Brown kilichochapishwa mwaka 1989, kina maswali 10 na alama zisizozidi 40. Mgonjwa huulizwa fikira hizo humla muda gani kwa siku na kama anaweza kuzipinga. Ni kipimo kizuri, ila chategemea kauli yake mwenyewe. Wengi huona aibu kusema, na wengine wamezoea hali yao kiasi kwamba hawajui tena hunawa mara ngapi.

Ndipo watafiti wakageukia uhalisia pepe. Mtu huvaa miwani mikubwa yenye skrini ndani yake, akajiona yumo katika chumba kilichoundwa na kompyuta. Akigeuza kichwa, huona upande mwingine wa chumba hicho.

Nchini Korea Kusini, Kwanguk Kim na wenzake walichapisha mwaka 2008 matokeo ya jaribio la wagonjwa 33 na watu 30 wasiougua. Baada ya kufundishwa kazi, wote waliachwa wakague vitu wapendavyo katika mazingira hayo ya kompyuta. Wagonjwa walishikwa na hofu kubwa kuliko wenzao, na waliokuwa na dalili kali zaidi ndio walioelekea kuhofu zaidi. Faida nyingine ni kwamba kompyuta yaweza kuhesabu mtu amerudi kukagua mara ngapi, jambo ambalo mgonjwa mwenyewe hulikosea au hulificha.

Huko Quebec, Canada, kundi la Stéphane Bouchard liliunda choo cha umma kilichojaa uchafu. Katika matokeo yaliyotolewa mwaka 2016, wenye kuogopa uchafu walihangaika kuliko wasiougua, ingawa hapakuwa na kitu chochote kichafu cha kugusa.

Hata hivyo, majaribio mengi ya aina hii yamehusisha watu wachache. Tena jiko la kwenye skrini si la mgonjwa. Likiachwa wazi hakuna mtoto wake atakayeungua. Anayekagua sana aghalabu husukumwa na hofu kuwa lawama itamwangukia yeye, kwa hiyo aweza kulipita jiko hilo bila kujali na akaonekana mzima. Naye anayeogopa uchafu hatashtushwa na mlango. Wengine miwani hiyo huwaletea kizunguzungu na kichefuchefu. Kwa sababu hizo, mahojiano ya daktari hayawezi kuachwa.

Chumba kicho hicho chaweza pia kutumiwa kwa tiba. Mgonjwa huambiwa afunge mlango mara moja tu, aondoke, na aivumilie hofu mpaka ipungue yenyewe. Tiba hii ilikuwapo kabla ya miwani hiyo na hufanywa hadi leo kwa mlango wa kawaida, pamoja na dawa kwa wanaozihitaji.