Kwa Nini Sauti ya Redio Hukwaruza?



Sauti ya Dar es Salaam ilipoanza kutangaza mwaka wa 1951, msikilizaji wa Lalago alikuwa mbali nayo zaidi ya kilometa 600. Redio ya valvu, yaani zile taa za kioo, ilikuwa mali ya thamani, na betri zake zilikula fedha. Sauti ikikwaruza, mwenye nayo aliweza kudhani taa zimekufa, akamlipa fundi bure. Basi na tuitafute sababu yenyewe.

Wimbi la redio huchukua sauti kama mkokoteni wa ng'ombe uchukuavyo pamba. Wimbi lenyewe halisikiki. Sauti imo katika kupanda na kushuka kwa vilele vyake. Katika redio hizo kazi ya kuushusha mzigo huo ilifanywa na valvu iitwayo daiodi, aliyoibuni Mwingereza John Ambrose Fleming mwaka wa 1904. Valvu hiyo hupitisha umeme upande mmoja tu.

Baada ya daiodi huwekwa kondensa na rezista. Fikirini kondensa kuwa mtungi, na rezista kuwa tundu chini yake. Kila kilele cha wimbi huujaza mtungi. Kati ya kilele na kilele maji huvuja kidogo, na hivyo kimo chake hufuata sauti. Tundu likiwa dogo mno, sauti ishukapo ghafula maji hayawahi kushuka pamoja nayo, nayo hutoka imeharibika. Likiwa kubwa mno, maji hupwa upesi na sauti hufifia. Tena valvu ifuatayo ikiteka mno katika mtungi huo, mabonde ya sauti kubwa hukatwa. Kwa hiyo fundi stadi huiwekea rezista kubwa, ili iteke kidogo tu.

Lakini liko kosa lisilo la fundi. Mawimbi mafupi yatokayo mbali hurudishwa na tabaka za juu angani, yakafika kwa njia mbalimbali, mara yakisaidiana, mara yakiuana. Pengine wimbi lichukualo hufifia kuliko sauti iliyo juu yake: mkokoteni umevunjika, mzigo umebaki. Hapo hata daiodi njema haiwezi kuushusha vema.

Basi shikeni kanuni hii. Sauti ikikwaruza kisha ikatakata yenyewe, ni kazi ya anga; subirini. Ikikwaruza daima, kwa kila kituo, tazameni betri kwanza, ndipo mwiteni fundi. Zamani asiyejua alinunua taa mpya. Ajuaye husubiri dakika chache.