Makala, Ruzizi, jua na gesi ya ziwa: kila moto una bei yake

Umeme ukikatika Bukavu, jamaa nyingi zinarudi kwenye mbabula. Lakini makala yanatoka kwenye miti, na mingine inakatwa ndani ya mbuga ya Kahuzi-Biega. Mlima ukibaki uchi, mvua inabeba udongo. Moshi nao unaumiza kwanza mama na watoto walio karibu na moto. Sasa, ni nini kinaweza kuchukua nafasi ya makala?

Kwanza, maji. Bwawa la Ruzizi I linafanya kazi pale mto unapotoka ziwani tangu mwisho wa miaka ya 1950. Ruzizi II, ya mwaka 1989, ni ya Kongo, Rwanda na Burundi pamoja. Umeme huu hauna moshi. Shida ni chupa za plastiki: zinatupwa mitaroni Kadutu na Ibanda, mvua inazishusha ziwani, kisha zinafika kwenye bwawa na kuziba mashine. Ndiyo kusema, anayetupa chupa mtaroni anajikatia umeme mwenyewe.

Pili, jua. Paneli inawasha taa na kuchaji simu bila kelele wala moshi, lakini ile ndogo haiwezi kupika maharagi. Na batri ya zamani ikivunjwa uani, risasi na asidi vinaingia katika udongo ambamo watoto wanacheza.

Tatu, gesi ya ziwa Kivu. Chini kabisa kuna metani karibu mita za ujazo bilioni 60, na gesi ya kaboni bilioni 300 hivi. Upande wa Rwanda, kule Karongi, KivuWatt inatoa megawati 26 tangu 2016. Kupunguza metani kunapunguza pia hatari ya mlipuko. Lakini maji yakirudishwa vibaya, matabaka ya ziwa yanaweza kuvurugika. Mwaka 1986, ziwa Nyos la Kameruni lilitapika gesi ya kaboni, watu karibu 1,700 wakafa.

Kwa hiyo hakuna moto wa bure. Tofauti ni hii: hasara ya makala inaongezeka kila siku watu wanapopika, na msitu unachukua miaka mingi kurudi. Hasara ya maji na ya jua inaweza kupunguzwa hapa hapa mtaani, kwa kukusanya chupa na kutovunja batri ovyo. Ya gesi inaomba nchi mbili zichunge pamoja, juu ziwa ni moja.