Je, Wajua? Tarantula wa Pwani Hufugwa Hadi Ulaya
Buibui mkubwa mwenye manyoya wa pwani ya Kenya, *Pterinochilus murinus*, ana wapenzi Ulaya na Marekani, ambako huuzwa kwa jina la Mombasa.

Si wa kupakata! Akichokozwa huinua miguu ya mbele na kutoa meno. Kufumba na kufumbua, keshapanda mkononi. Hajulikani kuua mtu, ila akikuuma, maumivu na mikazo ya misuli huweza kudumu siku kadhaa. Mfugaji makini hufunga barabara kifuniko cha chombo chake, humpa udongo wa kuchimba, na humhudumia kwa koleo refu.

Tahadhari kama hiyo huonekana pia Watamu, kusini mwa Malindi, ambako shamba la nyoka la Bio-Ken, lililoanzishwa 1980 na James Ashe, hushika nyoka wake kwa kulabu na koleo.

Kufuga wanyamapori Kenya kwahitaji kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori nchini (KWS).