Jengo Peke Yake Si Shule

Wahenga walinena kwamba kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Methali hiyo hutujia kila tunapoalikwa katika sherehe ya kukabidhi jengo jipya la shule ya sekondari. Kwaya ya wanafunzi huimba, utepe hukatwa, na kibao chenye jina la mhisani hufunuliwa ukutani. Wazazi hupiga vigelegele, nao wana kila haki ya kufurahi. Sisi nasi hufurahi pamoja nao, na siku ya pili yake huitoa picha ya sherehe hiyo gazetini. Lakini hatuna budi kukiri kwamba ni nadra sana kwetu kurudi baada ya miaka mitatu au minne kutazama kinachotendeka ndani ya jengo lile. Leo twapenda kulisema jambo hilo bila kuoneana haya.

Hatusemi haya kwa kuwabeza wahisani. Kumbukumbu za nchi yetu ya Tanzania zaonyesha wazi kwamba elimu ya sekondari ililelewa kwa sehemu kubwa na mashirika ya dini, kabla serikali haijazitaifisha shule nyingi za mashirika hayo kufuatia Sheria ya Elimu ya mwaka 1969. Mwalimu Julius Nyerere mwenyewe alifundisha St. Mary's ya Tabora, kisha St. Francis ya Pugu, mpaka alipoiacha kazi hiyo mwaka 1955. Nafasi za masomo siku zile zilikuwa chache mno, wala hatutamani uchache huo urudi. Lakini yafaa ikumbukwe kwamba hisani ya wakati ule haikuleta kuta peke yake. Ilileta mwalimu aliyekaa hapo hapo shuleni, bweni la kulala, na jiko la kuwapikia wanafunzi.

Katika karne hii mambo yamekwenda kwa njia nyingine. Mwaka 2004 serikali ilianzisha Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, na kuanzia mwaka 2006 kila kata ilihimizwa kuwa na sekondari yake. Shule za sekondari nchini, za serikali na za watu binafsi, zilikuwa kiasi cha 1,750 mwaka 2005. Kufikia mwaka 2010 zilikwisha kupita 4,200. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilitokana na jasho la wananchi: kina mama waliobeba mchanga na maji kichwani, vijana waliofyatua matofali, wazee waliotoa ardhi yao. Hiyo ilikuwa hisani ya maskini kwa watoto wa maskini wenzao, na kwetu sisi hakuna iliyo kubwa kuipita. Watoto wengi ambao zamani safari yao ingekoma darasa la saba walipata nafasi ya kidato cha kwanza.

Kisha yakaja matokeo ya mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2012. Takriban watahiniwa 60 katika kila 100 walipata daraja sifuri. Mshtuko ulikuwa mkubwa hata serikali ikayafuta matokeo hayo mwezi wa Mei mwaka 2013 na kuagiza yapangwe upya. Idadi ya walioshindwa ilipungua katika karatasi, lakini mtoto ambaye hakuwa amefundishwa fizikia alibaki vile vile.

Sababu zake hazikuwa siri. Walimu hawakutosha, hasa wa hisabati na sayansi, na waliopangiwa shule za mbali walikosa hata chumba cha kupanga. Vitabu vilikuwa haba. Mtoto aliyesoma kwa Kiswahili miaka saba aliingia kidato cha kwanza akakutana na Kiingereza katika kila somo, tena bila mtu wa kumshika mkono. Baadaye wananchi walichangishwa tena wajenge vyumba vya maabara za fizikia, kemia na baiolojia. Wakajenga. Baadhi ya vyumba hivyo vilikaa muda mrefu bila maji, bila vifaa, na bila mwalimu wa kuvitumia.

Mwaka 2016 ada ya sekondari za serikali ilifutwa hadi kidato cha nne. Shilingi 20,000 za shule ya kutwa zilikuwa mzigo kwa wengi, na kuondolewa kwake ni jambo la kushukuriwa. Hata hivyo, sare, madaftari, chakula cha mchana na mahali pa kulala vilibaki mikononi mwa mzazi. Kwa mtoto aishiye kilomita nane au kumi kutoka shuleni, hivyo ndivyo vinavyoamua kama atamaliza au hatamaliza. Wengine hupangishiwa chumba karibu na shule, wakajipikia na kujilinda wenyewe wangali na miaka kumi na minne. Mzazi wa binti aliye katika hali hiyo halali usingizi, na hofu yake si ya bure. Tangu Novemba 2021 msichana aliyepata ujauzito anaruhusiwa kurudi shuleni baada ya kujifungua, na uamuzi huo tuliupokea kwa faraja. Lakini bweni salama lingewakinga wengi wasifikie hapo.

Basi kwa nini wahisani wengi hupendelea darasa kuliko bweni, na bweni kuliko chakula? Twadhani ni kwa sababu darasa huonekana. Uji ukishanywewa umekwisha, wala hauandikwi jina la mtu. Wako pia wasemao kwamba gharama za kila siku ni wajibu wa serikali na wazazi, na kwamba mhisani akizibeba atawazoesha watu kutegemea. Hoja hiyo ina uzito, kwani mtegemea cha nduguye hufa maskini. Lakini haitoshi kuwa sababu ya kumjengea mtoto darasa asilolifikia.

Ipo mifano ya kujifunza. Shirika la CAMFED, lililoanza mwaka 1993 kwa kuwasomesha wasichana 32 nchini Zimbabwe, limekuwa likifanya kazi Tanzania tangu mwaka 2005. Shirika hilo humgharimia msichana mahitaji yanayoweza kumtoa shuleni. Wanaomaliza huunda umoja wao, na baadhi yao hurudi katika shule za kwao kwa kujitolea, wakawa washauri wa wadogo zao. Washauri hao huweza kupata mkopo mdogo wa biashara usiotozwa riba ya fedha. Utumishi wao shuleni huhesabiwa kuwa ndiyo riba yenyewe. Hapo aliyesaidiwa jana ndiye anayesaidia leo, na hoja ya kuzoesha watu kutegemea inapata jibu lake.

Kwa hivyo tunawaomba wahisani, wa ndani na wa nje, kabla ya kuchora ramani ya jengo waketi kwanza na mkuu wa shule, bodi na wazazi, wawaulize ni wapi watoto wanapopotelea. Pengine jibu litakuwa darasa. Mara nyingi litakuwa nyumba ya mwalimu, bweni la wasichana, kisima, au vifaa vya maabara iliyokwisha kujengwa. Wazazi nao wasisubiri mgeni kwa jambo wanaloliweza: debe la mahindi na maharage kwa kila kaya baada ya mavuno ni chakula cha mchana cha siku nyingi. Na serikali isiupokee msaada wa jengo pasipo kusema hadharani ni lini itapeleka walimu.

Sisi wenyewe hatujitoi katika lawama. Tutaendelea kuhudhuria sherehe za kukata utepe kila tutakapoalikwa, na picha tutazitoa. Lakini siku hiyo hiyo tutauliza nani atafundisha humo, mtoto wa mbali atalala wapi, na saa saba mchana atakula nini. Kisha, Mungu akitujalia, tutarudi baada ya miaka minne kuwahesabu waliomaliza.