Vifaranga: joto mahali pamoja, hewa safi kila mahali



Mtu akinunua vifaranga 100 vya siku moja, anaweza kupoteza vingi mbele ya ugonjwa wowote kuingia. Baridi ya usiku wa kwanza inatosha kuviua. Tena kuna wale wenye kuogopa sana ile baridi, wanafunga nyumba mupaka hewa inakosa pa kupita, na vifaranga vinakufa namna ingine. Kama vilinunuliwa na pesa ya mkopo wa koperative, vifaranga vinaisha lakini deni inabaki. Njo maana tunaeleza hapa namna ya kupanga joto, unyevu na hewa ku wiki nne za kwanza.

Kwa nini kifaranga hakijiwezi

Mwili wa kuku mkubwa uko na joto ya karibu 41°C, na manyoya yake yanailinda. Kifaranga kinatoka ku yai na manyoya laini tu. Manyoya ya kweli yanakuja pole pole, karibu wiki ya tatu ao ya nne. Mbele ya hapo, hakiwezi kulinda joto yake peke yake.

Huku kwetu milimani, Kabare, Walungu ao Lubero, usiku hewa inaweza kushuka mupaka 15°C ao chini yake. Kifaranga chenye kusikia baridi hakili wala hakinywi. Vinalundana juu ya kutafutana joto, na vya chini vinakosa pumzi.

Mama kuku anafanya namna gani?

Muangalie mama kuku wa kijiji. Yeye hapashi nyumba yote joto. Joto iko chini ya mabawa yake tu. Kifaranga kikisikia baridi, kinaingia. Kikishiba joto, kinatoka kwenda kula.

Na sisi tufanye vile: tuweke sehemu moja yenye joto, tuache sehemu ingine yenye baridi kidogo, kifaranga kijichagulie. Kama joto iko sawa kila upande na umekosea kipimo, kifaranga hakina pa kukimbilia.

Namna ya kutengeneza

1. Tengeneza duara kwa mikeka ao karton, urefu wa kwenda juu karibu sentimita 50. Kwa vifaranga 100, duara ya mita 2 toka upande huu mupaka ule inatosha ku wiki ya kwanza. Kisha unaipanua kadiri vinavyokomaa. Usiache kona, sababu ku kona njo vinalundana na kukanyagana.

2. Chini tandika pumba kavu za mbao ao maganda ya mupunga, sentimita 5 mupaka 10.

3. Weka joto katikati. Maji na chakula viwe kati ya joto na ukingo wa duara, hapana karibu kabisa na moto.

4. Anza kupasha joto siku moja mbele ya vifaranga kufika. Zile pumba za chini nazo zinapaswa kupata joto, juu kifaranga kinapoteza joto mingi kupitia miguu.

Ukiwa na termometre, ipime karibu na joto, ku kimo cha mgongo wa kifaranga. Wiki ya kwanza iwe 32 mupaka 35°C. Kisha punguza karibu 3°C kila wiki, mupaka ufike karibu 21°C.

Kama hauna termometre

Vifaranga vyenyewe vitakuambia:

- Vimelundana karibu na joto na vinalia kwa nguvu: viko na baridi.
- Vimekimbilia ukingo, midomo wazi, mabawa yameachana na mwili: joto imezidi.
- Vyote vimejisukuma upande moja: upepo unaingia ku upande ule mwingine. Tafuta tundu, uzibe.
- Vimetawanyika, vingine vinakula, vingine vimelala, sauti iko ya chini: hapo ni sawa.

Kuna njia ingine. Kamata kifaranga, gusisha miguu yake ku shavu yako. Miguu ikiwa baridi, kifaranga nacho kiko na baridi.

Usiangalie muchana tu. Ingia ku saa kumi ya usiku, wakati baridi inakuwa kali. Wengi wanapoteza vifaranga hapo, sababu moto uliwashwa jioni na ukazimika watu wakilala.

Unyevu: hapana maji mingi, hapana vumbi

Unyevu mzuri wa hewa ni kati ya 50 na 70 kwa mia. Wachache kati yetu wako na chombo cha kuupima, lakini mkono unatosha. Kamata pumba za chini, uzikaze ndani ya mkono, kisha ufungue:

- zikibaki donge, ni maji mingi;
- zikiachana pole pole, ni nzuri;
- zikiruka kama vumbi, ni kavu sana.

Pumba zenye maji zinaleta harufu kali yenye kuchoma macho. Ukiisikia ukiwa umesimama, ujue kifaranga chenye kuishi pale chini kinaisikia zaidi yako. Tena unyevu pamoja na joto njo vinakomaza vimelea vya koksidiozi, ule ugonjwa wa kuhara damu. Kila siku ondoa pumba zenye kulowa, zaidi pembeni ya chombo cha maji, uweke kavu. Inua kile chombo juu ya tofali ao kibao, kifike kimo cha mgongo wa kifaranga.

Ku mwezi wa sita mupaka wa nane, hewa iko kavu na moto unaikausha zaidi. Hapo weka sufuria ya maji juu ya mbabula. Usimwange maji ku pumba. Na maji ya kunywa yasikose hata saa moja, tena siku za kwanza yawe vuguvugu.

Wenzetu wa bonde la Ruzizi, kule joto ya muchana inatosha mara nyingi. Mufungue kuta muchana, muwashe usiku tu, mukifuata vile vifaranga vinaonyesha.

Makala: usifunge nyumba

Ampuli ni nzuri pahali kuran iko, lakini wengi wetu tunatumia makala. Makala yenye kuwaka inatoa gazi ya sumu, monoksidi ya kaboni, yenye haina rangi wala harufu. Inashika damu na kuzuia pumzi isifike ku mwili. Inaua vifaranga, inaua na mtu. Kwa hiyo:

- washa mbabula inje mupaka moshi uishe, kisha uingize; lakini ujue sumu inaendelea kutoka hata kama moshi hauonekane;
- acha nafasi wazi juu ya ukuta, chini ya paa, usiku na muchana; upepo uzibwe chini tu, pahali vifaranga viko;
- funika mbabula na chungu chenye matundu, kifaranga kisiungue;
- hakuna mtu analala ndani ya ile nyumba, zaidi sana mtoto.

Njia isiyo na sumu: bido ya litre 5 yenye maji ya moto, imefungwa vizuri na kuzungushiwa kitambaa. Weka mbili ao tatu katikati, ubadilishe maji kila mara yakipoa. Inaomba mtu wa kuamuka usiku. Ku koperative munaweza kupanga zamu.

Mwisho, mukuwe na kadaftari. Kila asubuhi andika ngapi vimekufa na namna vifaranga vilikuwa vimekaa usiku. Vikikufa asubuhi mbili za kufuatana wakati joto, pumba na hewa viko sawa, hapo si baridi tena. Muite veterinere siku ile ile, mumuonyeshe kadaftari.